Mjomba, Nimeusema Mkono Wako

Mjomba Seif,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea tu, maana marahaba yako sitaisikia, na leo adabu niliyobaki nayo ni hiyohiyo moja. Nina hasira nawe, Mjomba. Nimekuja kugombana.

Nakuandikia nyuma ya karatasi za michoro, zile kubwa ulizokuwa ukinikataza kuzitupa. Ni mchana, mafundi wameenda kuswali na kula, Nasra amelala juu ya kanga yangu pembeni ya meza. Jino la pili linatoka, basi akiamka barua itakatika. Usiniseme kwa mwandiko.

Habari za nyumbani kwanza, kwa sababu hukupenda mtu aanze na lawama. Mkeo Bi Tatu ametoka eda salama. Mama yangu, dada yako, bado akipika samaki wa nazi anakutengea kichwa, halafu anakumbuka, anampa paka. Baba Nasra bado yuko Chalinze na biashara yake ya matairi, anakuja siku akipata lifti. Mimi niko hapahapa Dunda, karakana ileile. Basi, habari ndizo hizo. Sasa lawama.

Jumatatu nimeusema mkono wako.

Nimeusema mbele ya Bosi Kassimu, mbele ya mafundi wote, mbele ya yule mhandisi aliyeletwa akae kwenye kiti chako. Nimesema mkono wako wa kushoto ulilala mwaka mzima kabla hujafa, na kwamba milango yote iliyotoka humu kwa jina lako kipindi hicho niliichora mimi. Neno uliloniapisha nisilitoe, nimelitoa. Na sitaki kusikia "Rehema, mama, tulikubaliana nini?" Najua tulikubaliana nini. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, kisha ukitaka kunikasirikia huko uliko, kasirika. Tutakuwa wawili.

Nilikuja humu kufuta vumbi. Kidato cha nne kilinitupa nje na sifuri yangu, nawe ndiye uliyemwambia mama, "Mlete karakana, asafishe chumba cha michoro. Kompyuta haipendi vumbi la mbao." Kwa sababu ya vumbi hilohilo mlango wa chumba kile haukuachwa wazi hata dakika moja. Ningejua mapema kufungwa kwake kutakuja kutusaidia kwa lipi, ningeuvunja.

Siku ile ya kwanza nilikikuta mezani, kushoto kwa kibodi: kitu cheusi, cha mviringo, kizito, kama nusu ya kifuu cha nazi iliyofunikwa. Nikakipitishia kitambaa, na nyumba nzima iliyokuwa kwenye skrini ikapinduka miguu juu. Nilipiga ukelele. Nilidhani nimeharibu mali ya watu. Ulicheka mpaka kofia ikakudondoka. Ukasema umekuja nacho kutoka Dar, ulikokuwa ukichora majumba ya matajiri, kwamba ni chako mwenyewe si cha karakana, na kwamba jina lake la dukani linauma ulimi. Mafundi walikuwa wamekwisha kukiita kifuu. Mpaka leo ni kifuu.

Kwa muda ulinikataza kugusa mausi. "Mkono wa kulia ni wa kufanya kazi," ulisema. "Wa kushoto ndio miguu yako. Jifunze kutembea kwanza." Nikisukuma kifuu mbele kidogo, ninasogea mbele. Nikikivuta juu, ninapanda. Nikikisokota, ninageuka, nikikiinamisha, ninainama. Chenyewe hakitoki mezani, kinakaa palepale kama mzee wa baraza. Anayetoka ni mimi. Nikikikandamiza, unanigonga kidole. "Taratibu, huo si mchi."

Na kuna lile neno. Nilisema kwa furaha, "Mjomba, nimeuzungusha mlango, nimeuona nyuma yake." Ukazima skrini. "Vaa viatu."

Ukanipeleka kwenye ile nyumba ya zamani, jua la saa saba, ukabisha hodi, ukaomba ruhusa kwa mama mwenye nyumba, ukanisimamisha barazani mbele ya mlango wake wa nakshi.

"Uzungushe," ukasema.

Nikageuka kumtazama mwenye nyumba.

"Uzungushe! Si wewe hodari wa kuzungusha milango?"

Yule mama akaanza kucheka. Nikasema hauzunguki, Mjomba, ni mlango wa watu. "Basi utafanyaje uone nyuma yake?" Nikasema, "Nitazunguka mimi." Ukanishika bega. "Kati ya mbao hizi mbili, ubao jike uko upande gani?" Kushoto, nikajibu. Tukavuka kizingiti, tukaingia ukumbini, tukageuka. "Sasa?" Kulia. "Umehama?" Hapana, nimehama mimi. "Haya. Fundi anayeuzungusha mlango mwisho wake hajui yuko barazani au yuko ukumbini. Anayezunguka yeye, anajua."

Kwenye programu kuna mahali pa kuchagua, kitu kikuzungukie wewe au wewe ukizunguke kitu. Wengi huacha kitu ndicho kizunguke. Wewe uliweka uzunguke wewe, na mimi nikajifunza hivyo, sijui namna nyingine. Hicho ulinipa. Sitakuonea, ulinipa.

Kisha ikaja ile asubuhi. Nimeingia na chai, nimekukuta umekaa wima, macho kwenye skrini, na mkono wako umekilalia kifuu kama mkono wa mtu mwingine. Mlango uliokuwa ukiuchora ulikuwa unakimbia. Unakwenda mbali, unakwenda mbali, mpaka ukawa nukta. Ukaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Rehema, niondolee mkono wangu hapo." Niliuinua kwa mikono yangu miwili. Sijawahi kushika kitu kizito namna ile.

Hospitali walisema kiharusi kidogo. Miguu mizima, ulimi mzima, mkono ndio umelala. Ukarudi kazini baada ya siku tatu, umeutia kwenye mfuko wa kanzu, ukasema nifunge mlango. "Wakijua, wananitoa. Wakinitoa mimi, wewe utakaa kwa nani? Usimwambie mtu. Niapie." Nilikuwa na mimba ya miezi miwili, Mjomba. Ningeapa chochote.

Mwanzoni ulisema, nami nikachora. "Panda. Inama. Hapo, weka ua." Baadaye ukawa unasema nusu nusu. Baadaye ukawa unasinzia, nami nachora, na ukiamka unatazama, unasema "Mashallah," unarudi kulala. Hatukukaa tukakubaliana kwamba sasa ni mimi. Ilitokea tu.

Basi nieleze hili. Ile siku ya shughuli ya kuhamia, nyumba ya yule mfanyabiashara. Watu wamejaa, pilau inaiva, na kile kibabu chenye bakora kinaupapasa mlango kinasema, "Huu ni mkono wa Seif! Hauna mpinzani pwani nzima!" Mlango ule niliuchora kwa siku kumi na moja, nikitapika kwenye ndoo. Nilikuwa nimesimama nyuma yako na sinia la vikombe. Ukainamisha kichwa, ukasema, "Alhamdulillahi, nimejitahidi."

Nimejitahidi.

Ungesema tumejitahidi, Mjomba. Nani angejua? Nani angeuliza? Ungetoa "ni", ukaweka "tu". Herufi mbili. Mtu akiuliza nyinyi na nani, unasema mimi na Mungu, au mimi na mafundi, yanaisha. Lakini mimi ningelisikia. Uligeuka ukanitazama baada ya kulisema, na najua uliliona usoni mwangu, maana hukula pilau siku ile.

Ameamka. Narudi.

Nimerudi. Nimempakata, ananyonya, naandika kwa mkono wa kulia. Nilivyomaliza arobaini ya uzazi nilikuwa nakaa hivihivi humu ndani, ila wa kulia ndio umemshika yeye, wa kushoto uko kwenye kifuu, naukagua mlango juu mpaka chini bila kumsumbua. Ukasema, "Huyu atatembea kwenye skrini kabla ya sakafuni." Nasra ana miezi kumi sasa. Bado hatembei popote.

Ulikufa alfajiri, ukitawadha, kwako. Kwa hilo sina neno, ni amri ya Mungu, nimelia nimenyamaza. Ninayokudai maelezo ni uliyoyaacha.

Nilimfuata Bosi wiki ile ya matanga kuisha. "Bosi, michoro naweza." Akasema tutaongea Alhamisi. Alhamisi akasema subiri mwezi uishe. Mwezi ukaisha akasema kuna mtu anamtazamia. Alinizungusha, Mjomba, nikazungushika vizuri sana, maana ningesema nini? Kwamba naweza kwa sababu gani? Kwake yeye mimi nilikuwa mleta chai aliyekaa muda mrefu karibu na kompyuta. Wewe ndiye uliyempa picha hiyo. Kila alipochungulia uliniambia kwa sauti, "Futa na pale, mama."

Ndipo akaletwa Edga. Si mtu mbaya, nisiseme uongo. Ni mtu wa bara, mpole, ana digrii, husalimia kila mtu kwa jina. Siku ya kwanza kagusa kifuu, kashika kichwa. "Aisee, hii kitu imegeuzwa! Inanipa kizunguzungu." Akaingia kwenye ile sehemu ya kuchagua, akabadilisha. Akaweka mlango uzunguke. Nilikuwa nafuta dirisha. Nilihisi kama mtu ameingia chumbani kwangu akahamisha kitanda.

Kulikuwa na mlango mmoja niliouacha nusu ulipofariki, ule wa Mlingotini, wa Bi Shamsa, mwalimu mstaafu anayejenga kwenye kiwanja cha baba yake. Edga akaufungua aumalizie. Alikuwa ameficha fremu na nakshi zake ili kompyuta iwe nyepesi, zimebaki mbao mbili tupu na mfaa, ule mti wa katikati unaoziba mwanya, na vyote kavifanya viangavu kama kioo, mbele na nyuma vinaonekana sawasawa. Mfaa wetu hupigiliwa kwenye ubao jike, ili dume lifunguke kwanza. Hilo alikuwa ameambiwa. Ameambiwa jike ni kushoto. Akauzungusha mlango, akauzungusha, akaukuta mfaa uko kulia, akasema, "Hapa marehemu alikosea." Akauhamisha.

Ndiyo nikaingia na chai.

"Kaka Edga, hapo uko ndani."

"Ndani ya wapi, dada?"

"Ndani ya nyumba. Uko ukumbini, unautazama kwa nyuma. Ukitoka nje, barazani, utaona mfaa ulikuwa sawa."

Akacheka, si kwa ubaya. "Dada Rehema, mimi niko ofisini, nasubiri chai." Na fundi Mwinyi mlangoni akadakia, "Mpe sukari, mama, ndiyo anayoitaka, si ramani ya ukumbi!"

Nilikwenda kwa Bosi. Hata hakuinua uso kutoka kwenye simu. "Rehema, mtu amesomea." Nikarudi nikaosha vikombe.

Mashine ikachonga. Mvule mzuri, ule wenye rangi ya asali uliokuwa ukiunusa kabla hujaukubali. Wakaupakia, wakaupeleka Mlingotini, wakaupachika, na Bi Shamsa akatoka na wageni wake kuutazama. Mwinyi ndiye aliyetusimulia. Anasema yule bibi alisukuma dume, haliendi. Akasukuma tena. Mfaa umelikalia. Ikabidi afungue jike kwanza ndipo dume lifuate. Akawageukia, "Jamani, mlango gani huu? Mume anangoja mkewe atangulie ndipo apite?" Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Na tundu la komeo nalo liko pasipo pake. Mlango ukarudishwa kwenye pikapu umefunikwa turubai, kama umefanya dhambi.

Jumamosi Bosi akatukusanya. Nilitegemea atamsema Edga. Alisema hivi, "Tusilaumiane. Faili lile alilianza marehemu. Mzee wetu mwaka wake wa mwisho hakuwa sawa, tulimwachia tu kwa heshima. Alichanganya jike na dume." Edga akatazama viatu vyake. Mwinyi, aliyekula kwako kila Idi, akatikisa kichwa, "Kweli, mzee alikuwa amechoka."

Mjomba. Jike na dume. Wewe.

Nikarudi nyumbani na hasira juu yao, nikiwa njiani zikageuka zikawa juu yako. Maana nikinyamaza, umekuwa fundi aliyekufa hajui kilicho kushoto na kilicho kulia. Nikisema, umekuwa mtu aliyedanganya wenzake mwaka mzima. Hiyo ndiyo milango miwili uliyoniachia nichague nipite wapi, na mtoto mgongoni.

Jumapili nilikwenda kwa Bi Tatu. Nilimheshimu, nilisema nianzie kwake. Alikuwa anachambua mchele ukumbini.

"Marehemu hasemwi," akasema.

"Na akisingiziwa, Bi Tatu?"

"Aliyesingiziwa ana Mungu wake."

"Na mimi?"

Akapepeta mara mbili. "Wewe una ufagio wako. Uliapa, Rehema. Aliniambia."

Hapo ndipo nilipojua kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Mlikuwa wawili. Mlikaa jioni mkila, mkijua ninachora na mimba ya miezi tisa, na hakuna aliyesema kwamba Rehema atajwe.

Jumatatu nikaingia karakana, Nasra mgongoni, nikamwambia Edga, "Kaka, nipishe kidogo." Sijui aliona nini usoni mwangu, akanipisha. Bosi akaja nyuma yangu akiuliza kuna nini humu. Nikafungua kwenye kompyuta lile jalada la nakala za michoro nilizokuwa nikihifadhi kila jioni.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinigombeza kwa majina niliyokuwa nikizipa zile nakala? Ulitaka namba. Mimi namba zinanichanganya, nilikuwa naandika siku ilivyokuwa. Bosi akainama akasoma kwa sauti, mafundi wamejaa mlangoni na vumbi lao lote. "Kichefuchefu. Kichefuchefu ya pili. Kapiga teke. Miguu imevimba. Kapiga teke tena." Akanitazama. "Kwani marehemu alikuwa na mimba?"

Wakacheka. Halafu mmoja mmoja wakaacha kucheka.

Nikasema, "Bosi, mimi nilipokuwa uzazini, Mjomba naye alisema ana malaria. Siku arobaini. Niambie mlango gani ulitoka humu siku zile." Akafikiri. Akamtazama Mwinyi. Mwinyi akatazama dari. Hakuna hata dirisha lililotoka, Mjomba, na hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa malaria yako ilikuwa na heshima kuliko kazi yangu.

Nikawaambia ya mkono. Nilisema yote kwa mara moja, ulivyolala, ulivyoutia mfukoni, mlango ulivyofungwa. Kisha nikarudisha ile sehemu aliyoibadilisha Edga, nikaweka mkono wa kushoto kwenye kifuu, nikawatembeza. Tukiwa barazani. Tunaingia. Tuko ukumbini. Hapa ndipo kaka Edga aliposimama akauona mfaa kulia. Sasa tunatoka. Uko wapi? Edga mwenyewe ndiye aliyejibu, polepole. "Aisee. Nilikuwa ndani kweli."

Nasra akaanza kunung'unika mgongoni, na Bosi akanigeukia. "Kwa hiyo mwaka mzima mlikuwa mnanizungusha."

"Ndiyo, Bosi. Tulikuzungusha. Na wewe umenizungusha miezi mitano. Sasa mimi nimechoka."

Sijui ujasiri ule nilitoa wapi. Nadhani ni kukosa usingizi.

Akasema, "Urudie wa Mlingotini. Ukikosea, unajua pa kurudi." Nikamuuliza, nikipatia? "Tutaona." Nikasema hapana, Bosi, hiyo tutaona nimekula nayo miezi mitano, nikipatia kiti hiki ni changu na mchoro unaandikwa jina langu. Akajikuna ndevu, akatazama mafundi, akatazama kifuu kama kwamba ndicho kitakachomshauri. "Andika jina," akasema, akatoka. Ya kiti hakusema. Edga yuko upande wa mashine sasa, na anasalimia kama kawaida.

Jumanne akaja Bi Tatu. Hakupiga hodi. Alisimama katikati ya karakana na baibui lake, mashine zikazimika zenyewe kwa aibu. "Umemvua mjomba wako sanda," akaniambia. "Watu wote wameuona mwili wake." Akasema kifuu ni mali ya marehemu na amekuja kukichukua. Ni haki yake, Mjomba, sikubisha. Niliuchomoa waya mwenyewe, nikaukunja vizuri, nikampa kwa mikono miwili. Akakifunga kwenye mtandio kama yai. Jioni nilimpelekea sahani ya wali na mchuzi. Ilirudi imefunikwa vilevile.

Kwa hiyo tangu jana nachora kwa mausi tu. Ni kama kutembea umefungwa miguu. Kila nikitaka kusogea, inabidi niache kazi, nisogee, nirudi niikamate kazi tena. Kilichokuwa kinachukua asubuhi kinachukua kutwa, mkono wa kushoto umekaa bure kwenye paja, vidole vinacheza vyenyewe. Mlango unaniambia nipo wapi, hilo hakuna aliyelichukua kwenye mtandio, lakini nakuwa nimechelewa kufika. Bosi anasema ataagiza kingine. Sijamwuliza lini.

Sasa nikwambie kwa nini hasira haiishi. Si kwa kudanganya. Mtu akiogopa anadanganya, mimi pia nilidanganya, nilisema hata kwa mama yangu kwamba nafuta vumbi. Ni kwamba ulikuwa na mwaka mzima. Siku ngapi zile, Mjomba, tumekaa mimi na wewe humu, mlango umefungwa, nakukanda mkono kwa mafuta ya karafuu, na hukuwahi kusema siku moja, "Rehema, nitawaambia." Hata kama usingewaambia. Ungenidanganya na mimi kidogo, ningeshukuru.

Lakini nakumbuka pia mkono ule. Ulikuwa wa baridi asubuhi, ukipata joto saa tatu. Ulikuwa ukiuliza, "Kidole kipi hicho?" nami nakutajia. Siku moja ulilia, na ukageukia ukutani ukadhani sikuona. Niliona. Jumatatu nilisema yote, Mjomba, ila hilo sikulisema. Bosi hajui, Bi Tatu hajui. Hilo siwezi kumpa mtu.

Nilitaka kwenye mchoro niandike na jina lako chini ya langu, kwamba aliyenifundisha ni wewe. Kalamu nimeishika mara mbili, mara mbili nimeiweka. Labda mlango unaofuata. Usinihimize.

Mafundi wanarudi, namsikia Mwinyi anakohoa kwa makusudi, siku hizi anakohoa kabla ya kuingia chumbani humu. Nasra amelala tena, titi liko kinywani. Inabidi nikuache.

Ijumaa nitakuja makaburini baada ya swala, mimi na yeye. Nitakusomea, nitakuombea Mungu akupunguzie uzito wote uliokuwa umeubeba mfukoni. Radhi kwa nililosema sitaomba. Na nakuahidi kitu kimoja, wewe ndiye uliyenifundisha bila kutaka: siku mkono wangu nao ukilala, nitasema asubuhi hiyohiyo, kwa sauti, mlango ukiwa wazi, na nitamtaja aliyeuinua.

Lala, Mjomba.

Mpwao,
Rehema